Ufunguo wa Leo

Saa moja asubuhi, Duluth. Theluji imepanda hadi dirishani.
Gazeti liko barazani, gumu kama kambare mkavu,
nalianika juu ya jiko mpaka kurasa ziachane.
Ukurasa wa kumi na mbili, chini ya bei za matairi,
iko sentensi moja iliyovaa nguo za kuazima.
Na nguo ya kuazima, tunajua, haisitiri.

Miaka thelathini na mmoja nazivua nguo hizo
kwa penseli iliyotafunwa kifutio.
Kwanza namtafuta mpweke, herufi iliyosimama pekee;
haina pa kujificha. Kisha pacha.
Kisha ile inayorudi, ikarudi tena,
kama jirani anayeishiwa sukari kila siku:
hiyo ni irabu, sibishani.
Leo X ni A. Jana A ilikuwa M. Sikasiriki,
maana fumbo huapa kiapo kimoja
na hukitimiza hadi nukta ya mwisho:
nikikudanganya hapa, nitakudanganya hivyo hivyo kule.
Ni wachache walioniahidi hata hayo.

Reino alikuwa akinicheka, mdomo umejaa mkate:
"Si ununue gazeti ambalo wameshamaliza kuliandika?"

Mwezi wa tatu, kwenye ngazi za duka la misumari,
damu ikaganda kichwani mwake.
Aliporudi nyumbani aliomba daraja.
"Daraja," akasema, akinionyesha kikombe cha uji,
"daraja, daraja," mpaka nikaelewa: kijiko.
Birika lilipopiga mluzi akasema, "Jumanne hiyo."

Nikachukua penseli.
Nyuma ya bili ya gesi nikachora jedwali:
daraja, kijiko.
Jumanne, birika.
Dada yake Lempi, soksi.
Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto,
nikadhani mume wangu ameniletea fumbo
lisilochapishwa kwa mtu mwingine yeyote.

Siku nne jedwali lilishika.
Ya tano, daraja likawa dirisha.
Saa nane mchana likawa maumivu ya bega.
Na jioni, amekaa upande wa ziwa, akasema daraja,
akimaanisha daraja, lile la chuma
alilolichomelea akiwa na miaka ishirini na miwili,
taa zake ndiyo kwanza zinawashwa,
nami nikamletea kijiko.

Alikitazama. Akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji ya nchi nyingine.

Binti Thao, anayekuja Alhamisi kumfundisha kusema,
aliliona jedwali kwenye mlango wa friji,
limefutwa, limeandikwa, limefutwa hadi karatasi imetoboka.
Hakulicheka. Alivua glavu kidole kwa kidole.
"Usimshike kwa neno, Bi Verna," akasema.
"Mtazame macho yanakokwenda."
Nikaitikia. Alipoondoka nikachukua bili nyingine,
ya maji, nikaanza upya.
Mazoea yana taabu.

Asubuhi hii tumekaa wawili, fumbo katikati yetu.
Nimepata maneno matatu, la nne limeninunia.
Ameninyang'anya penseli. Kwa mkono wa kushoto,
ule ambao zamani ulishika nanasi tu wakati wa kulikata,
ameandika O kwenye kisanduku.
Na kinachofuata, O.
Akajaza mstari wote, polepole, ulimi nje,
akapita hata juu ya herufi zangu, zilizokuwa sahihi,
O, O, O, mpaka ukingoni, mpaka kwenye bei ya tairi.
Akausukuma ukurasa kwangu, akangoja.

Nikausoma kwa sauti, wote, bila kuruka kisanduku.
Ooooo, nikasema, nikakata pumzi, nikaendelea.
Akacheka, kicheko kile kile cha mdomo wenye mkate.

Kisha akasema, "Jumanne."
Nikainuka. Nikaleta birika,
na kijiko, na soksi za sufu,
nikavuta na pazia ili ziwa lionekane,
nikakaa, nikayatazama macho yake.